Shajara ya mradi: difu za TT-02, kutoka grisi hadi oili ya silikoni

Gari ni Tamiya TT-02, gari dogo la rimoti la kipimo cha 1/10, linalovuta kwa matairi yote manne kupitia propela shafti moja inayopita katikati ya chasisi. Lilitoka mwaka 2013, ni gari la wanaoanza, na spea zake ni rahisi kuagiza. Mota yangu ni 540 ya kawaida ya brashi, gia ya meno 70 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha kubwa) ya meno 22. Difu, yaani gia zinazoruhusu tairi la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti, ziko mbili, mbele na nyuma, zinafanana kabisa: ndani kuna gia tatu ndogo zilizokaa kwenye nyota ya chuma, na gia mbili kubwa zilizoshika vikombe vinavyopokea shafti za matairi. Katikati hakuna difu, kwa hiyo mbele na nyuma zimefungamana moja kwa moja.

Tunakimbizia kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, sakafu ya simenti, huku Tabata, Dar es Salaam. Kona zinabana na pembeni kuna mchanga unaopeperuka kila siku. Nitaongeza sehemu kila hatua inapokamilika, pamoja na bei nilizolipa kwa shilingi ya Tanzania, ili mwenye gari kama hili asinunue kitu mara mbili.

11 Januari 2025: Hali ya gari kabla ya kuguswa

Tatizo ni kutoka kwenye kona. Ukivuta triga ya rimoti mota inapiga kelele lakini gari haliondoki. Nilimpa mdogo wangu simu arekodi video ya mwendo wa polepole, akiwa amelala tumbo kwenye simenti, na jibu likaonekana: tairi la mbele la ndani linazunguka bure. Gari linapoegemea nje ya kona, tairi la ndani linabaki jepesi, na difu iliyo wazi haiwezi kulipatia tairi lililoshika ardhi nguvu zaidi ya ile inayopokelewa na tairi linaloteleza. Madereva wa malori wanaijua shughuli hii vizuri: masika, tairi moja linachimba shimo kwenye tope, mwenzake amesimama tu, mpaka dereva avute difu loki, inayolazimisha matairi yote mawili kuzunguka pamoja.

Kipimo cha mkono hakina gharama, kila mtu akifanye kabla ya kununua chochote. Inua gari, shika propela shafti isizunguke, kisha zungusha tairi moja polepole kwa vidole viwili. La upande wa pili litazunguka kinyume. Unachotafuta ni ulaini ule ule kwa mzunguko mzima. Difu yangu ya mbele ilikuwa nyepesi mno, haina upinzani wowote. Ya nyuma ilikuwa inakwama sehemu moja katika kila mzunguko, na ukisogeza sikio unasikia kitu kinasagwa.

Huo mkwamo wa nyuma ndio ulionizuia kuanza na oili nzito, ambayo huipa difu upinzani. Vijiweni mazungumzo yote ni namba za uzito wa oili, mbele weka kadhaa, nyuma weka kadhaa. Difu yenye mchanga ndani au gia inayobana ina upinzani wake yenyewe, usio na namba, na unaobadilika kila siku. Ukiweka oili juu yake hupimi oili, unapima mchanga.

18 Januari: Kufungua na kuosha

Kufungua hakuna maajabu: toa kifuniko cha sanduku la gia, chomoa shafti, difu inatoka nzima. Fungua skrubu za krauni (gia kubwa ya nje inayozungusha difu) na kila kitu kiko mezani. Piga picha kabla ya kuchomoa gia.

Grisi ya kiwandani ilikuwa imegeuka kijivu cha risasi. Niliipaka kidole na kusugua, ikakwaruza. Ule ukijivu ni unga wa gia zenyewe, na mchanga umeingia kupitia pembeni mwa vikombe, kwa sababu difu hii haina sili yoyote. Ni kasha la plastiki lenye matundu.

Nimeosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kisha sabuni ya vyombo na maji ya moto, kisha kukausha juani. Usitumie thina wala asetoni. Chasisi ya TT-02 ni plastiki ya ABS, na vitu hivyo vinaiyeyusha. Na bodi ya juu ya polikaboneti nayo ikirukiwa na matone inapata ukungu na kupasuka. Mafuta ya taa yenyewe usiyaache yalale humo.

Mkwamo wa nyuma ulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza mchanga, umeondoka. Ya pili ilikuwa gia ndogo moja kati ya tatu, ina kinundu cha chuma kwenye tundu lake, mabaki ya kumiminwa kiwandani. Hukioni kwa macho, lakini ukipitisha ncha ya kijiti cha meno kwenye ukingo wa tundu kinagota. Nilikunja kipande cha msasa wa maji namba 800 kwenye kijiti hicho hicho, nikazungusha ndani ya tundu hadi kijiti kikapita bila kugota. Nikazikagua zote sita, mbele na nyuma, na mbili zaidi zikahitaji dawa hiyo hiyo.

Kisha nikafunga difu zote mbili zikiwa kavu, bila grisi wala oili, na kurudia kipimo cha mkono. Zote laini. Mtu akinakili hatua moja tu ya shajara hii, anakili hii ya kufunga kavu kwanza, kwa sababu difu isiyo laini ikiwa kavu haitalainika kwa kutiwa kitu.

Gharama: msasa 1,000, mafuta ya taa yalikuwepo nyumbani.

25 Januari: Grisi ya beringi za magari

Hii ndiyo njia ya bei rahisi na ndiyo wengi huanza nayo, kwa hiyo nimeijaribu. Kopo dogo la grisi ya beringi, 5,000 kwenye duka la spea. Nikashindilia difu ya mbele mpaka ikajaa, ya nyuma nikapaka kiasi tu kwenye meno.

Mezani ilipendeza: mbele kuna upinzani mzuri, nyuma nyepesi. Uwanjani, dakika chache za mwanzo gari lilitoka kwenye kona kama linavyotakiwa. Kabla betri haijafika nusu, tairi la ndani likaanza tena kuzunguka bure. Nikarudi mezani, nikafungua. Grisi yote bado ilikuwa ndani, lakini imesukumwa ukutani, na gia zimejichimbia njia yake katikati zikawa zinazunguka humo peke yake, karibu kavu. Grisi ngumu haitiririki kurudi mahali ilipotolewa. Kumbuka pia kwamba tairi moja likisimama, la pili huzunguka mara mbili ya kasi ya krauni, kwa hiyo gia hizi ndogo hukimbia sana pale difu inapoteleza, na joto linapanda.

Hasara ya pili ni mchanga. Grisi iliyotokea pembeni ya vikombe ilikamata mchanga wa uwanjani ukaganda pale pale kwenye mlango wa beringi.

Najua swali linalofuata: kwa nini usiweke oili ya difu ya gari, ile ya namba 90? Kwa sababu ni nyepesi mno. Oili hiyo ikiwa kwenye nyuzi 40 ina sentistoki (kipimo cha jinsi oili inavyokataa kutiririka) mia moja na ushei hadi mia mbili. Oili za difu za magari haya huanzia 1,000 na kupanda hadi laki kadhaa. Oili ya namba 90 italainisha gia na kuvuja sakafuni, lakini haitazuia tairi lolote kuzunguka. Halafu oili za petroli hulegea sana zikipata joto, wakati silikoni hulegea kidogo tu. Gari letu linapigwa jua la saa nane mchana, hiyo si tofauti ya kupuuza.

8 Februari: Oili ya silikoni ya 500,000 kwenye difu isiyozibwa

Hoja ya hatua hii: oili ikiwa nzito vya kutosha, haitapata haraka ya kuvuja hata kama hakuna sili. Chupa ya sentistoki 500,000 ilikuja kwenye kifurushi cha mwenzetu aliyekuwa anaagiza vitu vyake, mgao wangu na usafirishaji ni 32,000.

Kuimimina haiwezekani, inavutika kama bigijii. Nilichota kwa kijiti, nikaacha ikae saa nzima ijishushe yenyewe katikati ya gia, nikaongeza. Tofauti na grisi, hii inarudi: ukiitoboa kwa kijiti, shimo linajifunika taratibu. Nyuma nilibaki na grisi nyepesi, safari hii imepakwa kwenye meno tu.

Kutoka kwenye kona, tatizo limekwisha. Matairi ya mbele yote mawili yanavuta na gari linanyooka. Ila sasa kuingia kwenye kona ndiyo kazi. Ukiachia triga na kukata usukani, gari linaendelea mbele kama halijasikia, kisha linakata kwa kuchelewa. Difu ya mbele ikiwa ngumu kiasi hiki, matairi mawili ya mbele yanalazimishwa kuzunguka karibu sawa wakati la nje lina njia ndefu zaidi ya kupita, kwa hiyo yote mawili yanajikwangua kwenye simenti. Ukiinama unaona weusi wa mpira kwenye kona ya chini ya goli. Kwenye uwanja mpana wenye kona za wazi ningeiacha hivi hivi. Wenzetu wa drifti huenda mbali zaidi, wanaifunga kabisa difu ya nyuma kwa gundi, na kwao ni sawa kwa sababu wanataka nyuma iteleze.

Uvujaji: baada ya wiki mbili nje ya kasha kuna unyevu mwembamba uliobeba mchanga. Polepole, lakini upo. Uamuzi ni kununua difu za kuzibwa.

1 Machi: Difu za kuzibwa, na oringi zilizonenepa

Nimeagiza jozi ya difu za oili zinazoingia kwenye TT-02, si za Tamiya bali za kampuni nyingine, 145,000. Usafiri na ushuru 48,000. Ndani zina gia nne ndogo kwenye msalaba badala ya tatu kwenye nyota, gasketi ya karatasi kati ya kasha na krauni, na oringi (pete ya mpira ya kuziba) moja kila upande pale kikombe kinapotokea.

Nikazifunga kavu kwanza kama kawaida. Laini. Nikaweka oili ya majaribio, nikafunga, nikaziacha mezani. Siku chache baadaye zote mbili zilikuwa ngumu, na ugumu wenyewe haukuwa wa oili. Ugumu wa oili unaongezeka kadiri unavyozungusha kwa kasi, na ukizungusha polepole sana karibu unapotea. Huu ulikuwepo hata kwa mwendo wa kobe, na kikombe kilikuwa kinaruka kwa mishtuko midogo midogo kama mlango wenye bawaba kavu.

Nikamwaga oili yote, nikasafisha, nikafunga tena bila oili: ngumu vile vile. Basi ni oringi. Nikachomoa moja, nikailinganisha na mpya iliyobaki kwenye mfuko. Iliyokaa ndani ilikuwa imenenepa, ukiziweka juu ya karatasi nyeupe bega kwa bega unaona kwa macho. Mpya nikaitumbukiza kwenye kifuniko cha chupa chenye oili ile ile ikalala humo, na asubuhi iliyofuata kalipa, kifaa cha kupimia unene, ikaonyesha nayo imeanza kuvimba.

Hizi oringi ni nyekundu na laini sana, ni mpira wa silikoni. Mpira wa silikoni na oili ya silikoni ni ndugu, mpira unainywa oili na kuvimba. Oringi iliyovimba inabana kikombe, na ikishasagika kidogo inaanza kuvuja, kwa hiyo unapata hasara zote mbili kwa mpigo.

Dawa nimeipata mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, kwenye duka la sili za haidroliki. Nilipeleka oringi na kikombe chenyewe. Mzee wa duka akaigeuzageuza, akauliza, "Ya breki au ya haidroliki?"

"Zote si nyeusi, mzee?"

"Nyeusi zote, mpira tofauti. Ya breki ukiiosha kwa mafuta ya taa inaharibika. Unaosha kwa kitu gani?"

Nikamwambia mafuta ya taa. Akanipa za haidroliki. Mzee anajua kazi yake. Oringi za breki kwa kawaida ni mpira aina ya EPDM, hauna shida na silikoni lakini mafuta yoyote ya petroli yanauvimbisha. Za haidroliki ni mpira aina ya NBR, unavumilia oili ya silikoni na mafuta ya taa pia. Ukienda dukani ukaomba "oringi nyeusi ya milimita tano" tu, unaweza kupewa yoyote kati ya hizo mbili na usijue mpaka siku ya kufungua. 500 kila moja, nikachukua kumi, za akiba zinakaa vizuri.

Zimeingia zikiwa zimepakwa oili ile ile ya difu. Kwenye kikombe nilikuta pia mstari mwembamba wa mashine pale oringi inapokaa, nikaung'arisha kwa msasa namba 1500 wenye maji. Oringi nzuri kwenye shafti yenye mikwaruzo huliwa haraka.

15 Machi: Kujaza, gasketi na krauni iliyopinda

Kuhusu kiasi cha oili: jaza mpaka msalaba ufunikwe kidogo tu, usijaze hadi ukingoni. Oili ikipata joto inatanuka, na ikikosa nafasi itajitafutia njia kupitia oringi au gasketi. Weka nusu kwanza, zungusha gia kwa mkono ili hewa iliyojificha nyuma ya meno itoke, ongeza, kisha acha kasha wazi limefunikwa na glasi usiku mzima. Mapovu ya oili ya 10,000 yanapanda kwa subira. Ukifunga yakiwa ndani, kesho yake kiwango kimeshuka.

Macho yanadanganya kiwango, kwa hiyo nimenunua mizani ndogo ya vito, 25,000. Oili ya silikoni ina uzito wa karibu gramu 0.97 kwa mililita, yaani gramu na mililita unaweza kuzihesabu kama kitu kimoja. Napima kasha tupu, napima lililojazwa, naandika kwa kalamu kwenye krauni yenyewe. Faida ya pili ya mizani ni kwamba baadaye ukitaka kujua kama difu inavuja huifungui, unaipima tu.

Gasketi moja ilichanika wakati wa kufungua. Karatasi ya gasketi ya injini ya pikipiki inafaa, 4,000 kipande kikubwa kinachotosha gasketi za maisha. Nilifuata umbo la krauni kwa kalamu ya risasi, nikakata kwa wembe. Ile nene inasogeza krauni karibu na pinioni na kubana, chukua nyembamba kuliko zote watakazokuonyesha.

Kisha ukaja mlio. Difu ya nyuma ikiwa ndani ya sanduku, ukisukuma gari kwa mkono linaguna mara moja kwa kila mzunguko wa krauni. Nilihisi pinioni, nikabadilisha washa nyembamba nyuma ya beringi, haikusaidia: nikiongeza, kunakuwa na mahali panapobana, nikipunguza, upande wa pili gia zinacheza. Mlio unaokuja na kuondoka ndani ya mzunguko mmoja si wa washa. Niliweka krauni juu ya kioo cha dirisha, ikatikisika. Skrubu zilikazwa kwa kuzunguka kwa mfuatano, moja ikakazwa mpaka mwisho kabla ya jirani yake kuguswa, na plastiki ikavutwa upande mmoja juu ya gasketi. Nikazilegeza zote, nikakaza kwa kuruka upande wa pili, robo mzunguko kila moja, na kumalizia kwa nguvu ya vidole viwili tu. Kuguna kumekwisha. Baada ya betri moja kaza tena kidogo, karatasi hujibana.

29 Machi: Namba

Sasa difu zote mbili ni laini, hazivuji mezani, na zina uzito ulioandikwa. Hapo ndipo namba zinapoanza kuwa na maana.

Nina chupa tatu, za sentistoki 3,000, 10,000 na 100,000, kila moja shilingi 28,000. Hapa mjini huingii dukani ukachagua namba, unachukua kilichokuja, kwa hiyo kuchanganya ni ujuzi wa lazima. Ukichanganya 10,000 na 100,000 nusu kwa nusu hupati 55,000. Unapata karibu 30,000, kwa sababu oili nyepesi inashusha nzito zaidi ya unavyotarajia. Changanya kwa uzito kwenye mizani, koroga polepole, acha mapovu yatoke.

Nilitaka uhakika, nikatumia bomba mbili za sindano za mililita 10 kutoka duka la dawa, 500 kila moja, nikaziba midomo kwa gundi. Moja ina 10,000 safi, nyingine mchanganyiko. Kila moja nikadondosha gololi ya milimita 3 kutoka kwenye beringi iliyokufa, na saa ya simu mkononi. Kwenye 10,000 gololi ilifika chini kwa sekunde ishirini na kitu. Kwenye mchanganyiko ilipita dakika. Muda ukiwa mara tatu, oili ni nzito mara tatu, ndivyo kipimo hiki kilivyo. Kinafaa pia kwa chupa isiyo na lebo uliyoachiwa na mtu, mradi una oili moja unayoiamini ya kulinganisha.

Tahadhari kwa wanaochanganya chupa za difu na za shokapu: oili za shokapu mara nyingi huandikwa wt, kipimo kingine cha uzito wa oili, na wt si sentistoki. Oili ya 30 wt ni kama sentistoki 350. Ukiona 30 kwenye chupa moja na 30,000 kwenye nyingine, usidhani ni sifuri tu zilizopunguzwa.

Uwanjani, matairi yale yale, betri zilizojaa, asubuhi kabla jua halijachoma:

10,000 mbele na nyuma. Kutoka ni kuzuri, lakini nyuma inakimbia. Ukivuta triga katikati ya kona, hasa pale penye mchanga chini ya ubao wa mashariki, mkia unapita mbele. Difu ya nyuma ikiwa nzito, matairi ya nyuma hayataki kutofautiana kasi, na yakikosa kushika yanateleza yote mawili pamoja.

100,000 mbele, 3,000 nyuma. Nyuma imetulia kabisa, imekaa chini. Mbele ile tabia ya 500,000 imerudi kwa kiasi: kuingia kwenye kona lazima uachie mapema.

30,000 mbele, 3,000 nyuma. Hapa ndipo nimekaa. Linakata ukiachia triga, linavuta ukibonyeza, na ukikosea mchanga linarudi. Lisaa limoja la kukimbiza likapita sikutamani kubadilisha kitu, na kwangu hiyo ni rekodi.

Kama uwanja wako una mshiko zaidi, zulia au lami safi, mbele unaweza kupanda. Kwenye vumbi shuka kote. Badilisha difu moja kwa wakati, ukibadilisha mbili hujui ipi imesema nini.

19 Aprili: Difu ya gololi ya kijana wa jirani

Imeingia humu kwa sababu imenifika mezani. Ni bagi, gari la rimoti la kukimbia kwenye ardhi mbovu, inayovutwa kwa matairi mawili ya nyuma, kipimo cha 1/10, ya zamani. "Anko, ukivuta triga inabweka," kijana akaniambia. Kweli, ilikuwa inatoa mlio mfupi mkali kila inapoondoka.

Difu hii haina gia ndani. Ina pete mbili za chuma, na kati yake krauni yenye gololi ndogo za milimita 2.4 zikiwa zimebanwa kwa bolti moja nyembamba na springi. Inafanya kazi kwa msuguano, kwa hiyo ikibanwa kidogo inateleza, na kila inapoteleza gololi zinachimba pete. Kule kubweka ndiko kuteleza.

Pete zilikuwa na mfereji. Zikiwa na upande mzima unageuza. Zake zilikuwa zimekwisha geuzwa, nikaweka msasa namba 600 juu ya kioo na kuzisugua kwa mchoro wa 8 mpaka mfereji ukafifia na uso wote ukawa na ukungu mmoja. Gololi nikaziosha kwa spiriti. Tatu zilikuwa na sehemu bapa, na gololi bapa haitengenezeki, tumebadilisha zote. Grisi ni mbili, usizichanganye: ya silikoni, ile angavu, kwa gololi kubwa za pete, nyeusi ya molibdeni kwa beringi ndogo inayopokea mkandamizo wa bolti. Ya silikoni ukiiweka kwenye beringi hiyo inakufa mapema.

Kukaza: kaza mpaka springi ifunge kabisa, rudisha kama 1/8 ya mzunguko. Shika matairi yote mawili kwa mikono, na mwenzako ajaribu kusukuma gia kuu kwa dole gumba. Isizunguke. Ikizunguka, difu imelegea. Kisha klachi ya kuteleza ilegezwe mpaka yenyewe ndiyo iteleze kabla ya difu. Kijana alikuwa amekaza klachi hadi mwisho ili gari "liondoke kwa nguvu", na difu ndiyo ikawa klachi. Nimemwambia klachi ikivaa anabadilisha kipande cha bei ndogo, difu ikivaa anaanza upya. Gololi mpya na grisi mbili 38,000, ambazo mama yake alilipa baada ya mjadala mrefu.

3 Mei: Uzito baada ya miezi

Mvua zimetufungia uwanja mara kwa mara, lakini gari limekimbia vya kutosha. Nimechomoa difu zote mbili, nimezifuta, nimezipima bila kuzifungua. Ya nyuma uzito ni ule ule ulioandikwa kwenye krauni. Ya mbele imepungua gramu 0.2, na unyevu uko upande wa kushoto tu, kwenye kikombe ambacho sikukipitisha msasa wa 1500 kwa sababu nilikiona kizima. Sasa kimepitishwa, oringi mpya ya NBR imeingia, oili imeongezwa mpaka uzito ukarudi.

Jumla ya vitu vilivyobaki ndani ya gari: difu na usafiri 193,000, oili tatu 84,000, oringi 5,000, gasketi 4,000. Nje ya gari: mizani 25,000, bomba za sindano 1,000, msasa. Vilivyopotea: grisi 5,000 na chupa ya 500,000 ambayo bado ina robo tatu, mwenye gari la drifti anayeitaka tubadilishane kwa oili ya 1,000, niko tayari. Hiyo ya 1,000 nataka kuijaribu nyuma mvua zikikata, uwanja ukiwa na vumbi jipya.